Sifa za Nahodha wa Delta

Ukifika Nyamisati ukauliza chombo kinaondoka saa ngapi, mara nyingi hutatajiwa saa. Utaambiwa, "Maji yakijaa." Mtu aliyetoka Dar es Salaam alfajiri, akafuata barabara ya Kilwa na kuiacha pale Bungu kushika njia ya pwani, hulichukulia jibu hilo kuwa ni uvivu wa kutaja muda. Mimi nalihesabu kuwa jibu sahihi kuliko yote anayoweza kupewa msafiri mahali pale. Ndani yake mna elimu nzima, na nimeshika kalamu kuwasifu wenye elimu hiyo: manahodha wa delta ya Rufiji, wanaoingiza boti ndogo katika msitu wa mikoko wakamwonyesha mgeni kiboko, mamba, mdiria na kima, wasimkwamishe topeni wala wasimtie mnyama hofu.

Delta yenyewe ni kubwa kuliko wanavyodhani wanaopita juu ya Daraja la Mkapa wakielekea Lindi. Maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu hukutana katika Rufiji, na Rufiji ikikaribia bahari hugawanyika kuwa mito mingi: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala, na vijito visivyohesabika ambavyo ramani haivitaji ila wavuvi wanavyo majina yake. Katikati ya mito hiyo umesimama msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, pande kubwa kuliko yote ya mikoko iliyoshikana katika Afrika Mashariki. Mwaka 2004 eneo hili, pamoja na Mafia na Kilwa, liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima.

Kuna watu wanaovuka nusu ya dunia kwenda pwani ya Alaska na British Columbia ili wapande meli ndogo na kuingia katika hori zilizozungukwa na misitu ya mvua ya nchi za baridi. Huko, maji yakipwa, dubu hushuka ufukweni kugeuza mawe na kula kaa, na meli hufanywa ndogo kwa makusudi ili isogee karibu. Nawataja kwa sababu kanuni ni ileile. Pale bahari inapoingia msituni, mnyama hufuata maji, na anayetaka kumwona hana budi kufuata maji vilevile. Ila wenzetu wa huko wana miamba na vina virefu. Rufiji ni tope, na tope huhama.

Hesabu ya nahodha huanzia mbinguni. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kati ya kujaa na kupwa tofauti huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Siku za bamvua katika pwani yetu maji hujaa karibu na saa 10, alfajiri na alasiri, kisha kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Hayo yote yamo katika jedwali la maji, na kijana mwenye simu anaweza kuyasoma. Yasiyomo ni mengi zaidi. Maji yakishajaa mdomoni mwa Simba Uranga, huko ndani bado yanapanda. Upepo wa kusi ukikaza, maji hayaji kama yalivyoandikwa. Masika mto ukishuka umefura, maji ya bahari hupambana na maji ya bara na saa zote huvurugika. Nahodha hubeba jedwali lake kichwani, na kila siku hulisahihisha kwa kutazama mstari wa tope mbichi kwenye mizizi ya mkaka.

Akishajua hayo ndipo anapochagua njia, na hapo ndipo ninapoiona sanaa. Maji yakielekea kupwa hukupeleka mdomoni, kwenye mafungu. Hawakimbilii ndege. Hufika kabla fungu halijaibuka, akatia nanga ukingoni mwa mkondo ambapo boti itabaki ikielea, akazima mashine. Tope linaanza kuonekana, kaa wanatoka mashimoni, na ndege wanakuja wenyewe kula mbele yako. Wako yange na korongo. Wako wadogo wa kijivu waliozaliwa kaskazini kabisa, Siberia, wanaokuja kwetu kuukimbia msimu wa baridi. Yuko yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayetaga mayai yake ndani ya mashimo ya mchanga katika fukwe za Bahari ya Shamu na Uarabuni. Mgeni hudhani amebahatika. Ukweli ni kwamba mtu aliye tezini alipiga hesabu tangu jana yake.

Maji yakigeuka na kuanza kujaa, nahodha hupanda nayo. Kijito ambacho asubuhi kilikuwa mtaro wa tope sasa kinapitika, na boti inapanda mpaka kufikia matawi, hata mdiria aliyekaa juu ya mzizi yuko usawa wa macho yako. Mashine imezimwa zamani. Kijana amesimama omo na upondo, akiuchoma chini na kuusoma kwa mkono: tope laini, mchanga, mzizi. Hasemi neno. Huonyesha kwa vidole, na mzee wa usukani hugeuza kidogo tu. Katika kijito kimoja upande wa Salale tulisimama ghafla, matope pande zote, nami nikaingiwa na wasiwasi.

"Mzee, tumekwama?"

"Hapana mwanangu. Maji hayajafika huko mbele. Kaa utazame."

Nikakaa. Kabla maji hayajatufikia walipita kima juu yetu, jike mmoja amembeba mtoto tumboni, na chini ya mizizi samaki wadogo wale wanaotembea juu ya tope wakawa wanarukiana kugombea mahali. Ningekuwa na haraka nisingeona lolote.

Ujuzi wa miti nao una nafasi yake. Mlilana husimama mbele kabisa, ukielekea bahari, na ukiuona ujue chumvi iko karibu na fungu haliko mbali. Mkaka, wenye mizizi kama miguu ya buibui, hushika kingo za mito. Mkandaa hupenda ndani, mahali maji yanapofika siku za bamvua tu. Ukianza kuona msikundazi, kisha mtomondo na matete, basi umeingia maji matamu, na hapo macho yabadili kazi: ni nchi ya kiboko. Nahodha mwema hajiweki kamwe kati ya kiboko na kina chake. Hushika upande wa maji madogo, humwachia mnyama njia ya kuzama, na huongea kwa sauti ya kawaida ili kiboko ajue watu wapo. Kwa mamba ni kinyume: kimya, mapema, tope likianza kupata jua. Nimesafiri na waongozaji wa mbugani wenye vyeti na darubini nzuri, na nawaheshimu. Lakini kusoma mti, tope, mwezi na mnyama kwa wakati mmoja, huku chombo kinasukumwa na mkondo, sijakuona kwingine.

Kwamba elimu hii ina uzito, vita vimekwisha kushuhudia. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, ilirudi kujificha Rufiji. Waingereza hawakuamini kwamba meli ya urefu wa mita 115, inayohitaji zaidi ya mita 5 za maji, ingeweza kupanda mle. Lakini Wajerumani walikuwa wameipima delta kabla ya vita, nao waliijua mito kuliko adui yao. Kapteni Max Looff aliifikisha meli karibu na Salale, na kwa miezi mingi ikakaa mle, imefunikwa na matawi. Waingereza walileta ndege, walizamisha meli ya makaa katika mlango mmoja ili kuuziba, na mwishowe wakamtuma mwindaji wa tembo, P. J. Pretorius, aingie vijitoni kuitafuta na kupima kina. Wakati huo alihitaji walewale ninaowasifu hapa: watu wa delta waliojua kijito kipi kinapitika na saa ngapi. Yeye alipata sifa na akaandika kitabu. Wao majina yao hayakuandikwa. Julai 1915 ziliingia Severn na Mersey, meli za mtoni zisizohitaji hata mita 2 za maji, na tarehe 11 Königsberg ilikuwa imekwisha. Mmoja wa mizinga yake uko Fort Jesus, Mombasa, na watoto wa shule hupigia picha hapo. Mabaki ya meli yamemezwa na tope.

Mimi kisa hicho kinanigusa kwa sababu moja: zile ramani zilizoiingiza Königsberg leo hazingefaa kitu. Katika miaka ya 1970 Rufiji iliacha njia yake ya kusini na sehemu kubwa ya maji ikaelekea kaskazini mwa delta. Upande wa kusini ukazidi chumvi. Kaskazini maji matamu yakaja kwa wingi, watu wakafyeka mikoko wakalima mpunga. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, yalipita na mafungu mengine na kuacha mengine. Na tangu Desemba 2022 maji yanazuiwa huko juu na bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kuzalisha megawati 2,115. Taifa linauhitaji umeme huo, nami sina ugomvi nao. Lakini bwawa huzuia pia mchanga na tope, na delta hii imejengwa kwa tope. Watakaoona mapema kingo zikiliwa, chumvi ikipanda na msikundazi ukikauka, ni watu wanaopita mle kila siku wakichoma upondo. Ningekuwa na sauti katika ofisi zinazosimamia bonde la Rufiji, ningewalipa manahodha hao watoe taarifa kila baada ya masika, na ningeziweka taarifa zao meza moja na vipimo vya wahandisi.

Hata katika utalii malipo yao hayalingani na kazi. Safari huuzwa mjini kwa picha ya kiboko, na mzee aliyeipanga kwa hesabu ya mwezi hupewa bei ya dereva. Jambo hili linaniudhi. Mgeni anapomlipa fundi wa kuchonga mlango wa Unguja hujua analipia miaka ya mkono. Nahodha wa vijito naye alianza angali mtoto, katika mtumbwi wa baba yake, akitega kamba na kaa, akijifunza kwa kukwama. Hakuna chuo kinachofundisha hayo, na vijana wengi wa Kibiti sasa wanatazama bodaboda na barabara ya lami.

Bado wapo wanaojifunza. Kijana huanzia omo, misimu kadhaa ya upondo mtupu. Kisha hupewa usukani siku za maji mafu, mkondo ukiwa mlegevu na kosa likiwa jepesi, mzee amekaa mbele yake ameupa mgongo mto. Bamvua hupewa mwisho, na usiku wa bamvua mwisho kabisa. Yule kijana tuliyekuwa naye alikuwa ameshamaliza maji mafu ya Kikunya na Simba Uranga. Nilimwuliza mzee lini atamwachia bamvua. Akanijibu kwamba masika yakipita watazunguka wote wawili kupima mafungu upya, kisha atampa.