Safari Ilipoacha Kipimo cha Bei

Katika historia ya kanuni za mbio za magari Afrika Mashariki, uamuzi uliokosewa waziwazi kuliko yote ni ule wa kuacha kuyapanga magari katika madaraja kwa bei yake ya dukani, na badala yake kuyapanga kwa ujazo wa injini, yaani jumla ya nafasi inayopitiwa na pistoni ndani ya silinda, ambayo hupimwa kwa cc. Uamuzi huo haukuzua ghadhabu ulipofanywa, kwa sababu ulionekana kuwa suala la karatasi tu la kuoanisha mashindano ya hapa na utaratibu wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani. Lakini gharama yake inaendelea kulipwa, na inaonekana kila mara Morogoro inapokuwa mwenyeji wa mashindano ambamo gari la kigeni lenye bei ya nyumba kadhaa linaondoka jukwaani mbele ya gari la fundi wa mjini, na wote wawili wanaambiwa kwamba wanashindana.

Kanuni iliyoachwa ilizaliwa pamoja na mashindano yenyewe. East African Coronation Safari, iliyoandaliwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ilikimbiwa kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni 1953, na washiriki walianzia Nairobi, Kampala au Morogoro, kila mmoja akiuzunguka mzunguko mkubwa uliopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi wake, akiwemo Eric Cecil, walikuwa wamechoshwa na mbio za kuzunguka kiwanja kimoja kama zile za Langa Langa karibu na Gilgil, na walitaka shindano ambalo mwananchi angetoa gari lake la kawaida la saluni barazani, akalipakia spea na jembe, akaingia nalo barabara za kila siku wakati wa mvua. Magari yaligawanywa kwa bei ambayo mnunuzi angeilipa dukani, na hapakuwa na mshindi wa jumla. Gari la Volkswagen la Alan Dix, lililokuwa miongoni mwa magari ya bei nafuu, ndilo lililopata adhabu chache kuliko yote. Utaratibu wa adhabu, ambao ulimhesabia dereva dakika alizochelewa kufika katika kila kituo cha muda, ulikuwa mzuri na hauhitaji maelezo zaidi.

Ubora wa kipimo cha bei unaeleweka vizuri zaidi mtu akiiangalia milima ya Uluguru yenyewe. Barabara inayotoka Bigwa kupitia Kiroka, Matombo na Mvuha hadi Kisaki inafuata upande wa mashariki wa milima, upande unaopokea mvua nyingi kuliko wa magharibi kwa sababu unakabili upepo unaotoka Bahari ya Hindi, na katika masika inalikutanisha gari na udongo mwekundu unaoteleza miteremkoni, makorongo yanayokatiza njia na, chini mabondeni, udongo mweusi wa mbuga unaonata mpaka magurudumu yakaacha kuzunguka. Katika mazingira hayo, nguvu za injini ni jambo la nne au la tano kwa umuhimu. Yanayotangulia ni kimo cha sakafu ya gari kutoka ardhini, mwendo mrefu wa springi, uimara wa ekseli na wa bodi, na wepesi wa kupata spea katika duka la mji unaofuata. Kati ya hayo yote, ujazo wa injini hauonyeshi hata moja. Bei, kwa upande mwingine, inayabeba karibu yote kwa pamoja, kwa kuwa mtengenezaji anayeweka chuma bora, shokapu bora na kichwa cha silinda chenye kamshafti mbili humtoza mnunuzi kila kimoja.

Mfano wa magari ya miaka ya 1960 unatosha kuonyesha jinsi cc ilivyopotosha. Injini ya Peugeot 404 ilikuwa na cc 1,618, na mpangilio wa FIA uliweka mpaka katika cc 1,600, hivyo cc 18 tu zililisukuma gari lililokuwa teksi na gari la familia kote Afrika Mashariki kwenda kupimwa na magari ya hadi cc 2,000. Lotus Cortina, gari la bei ya juu lenye kamshafti mbili na lililoundwa kwa nia ya kushindana, lilikuwa na cc 1,558, kwa hiyo lilibaki salama katika daraja la chini pamoja na magari ya kawaida ya cc 1,500, likiwemo Ford Cortina, gari ambalo Lotus Cortina ilichukua tu bodi yake. Mtu yeyote aliyewahi kusimama dukani akiyalinganisha magari hayo angejua mara moja lipi lilistahili kuwekwa wapi. Kanuni pekee ndiyo haikujua, kwa sababu ilikatazwa kuuliza swali ambalo mnunuzi huliuliza kwanza.

Watetezi wa mabadiliko walikuwa na hoja yenye uzito. Mashindano yalipata hadhi ya kimataifa mwaka 1957, na dereva kutoka Ulaya hakuweza kutarajiwa kujua gari lake lingeuzwa shilingi ngapi Nairobi, ilhali cc ni ileile Stockholm na Morogoro. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi mahali pengine. Afrika Mashariki ya wakati huo ilikuwa na forodha ya pamoja na shilingi moja iliyotolewa na bodi moja ya sarafu mpaka 1966, nchi zilipoanzisha benki kuu zake, na kwa hiyo ni vigumu kupata eneo jingine lililokuwa tayari kama hili kwa kipimo cha bei. Kamati ingeweza kuchapisha orodha moja ya bei kila mwaka na kumpangia mgeni daraja kwa bei ya wakala wa hapa. Kazi hiyo ya jioni chache ndiyo iliyokwepwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 mashindano yalikwishahamia katika cc na makundi ya FIA, ambayo yalitenganisha magari kwa idadi iliyotengenezwa kiwandani: Kundi la 1 lilidai magari 5,000 yanayofanana ndani ya mwaka mmoja, na Kundi la 2, lililoruhusu mabadiliko mengi zaidi, lilidai 1,000.

Kwamba kipimo cha bei kingeweza kuishi kunathibitishwa na Australia. Mbio za magari ya saluni za Mount Panorama, Bathurst, ziliyapanga magari kwa bei ya dukani kuanzia 1963 hadi 1972, na katika kipindi hicho Mini Cooper S, gari dogo lisilokuwa ghali kama magari makubwa ya silinda nane yaliyokuja baadaye, lilichukua nafasi tisa za kwanza mwaka 1966. Ni kweli kwamba viwanda vilianza kutengeneza magari maalumu ya mbio na kuyauza kwa wateja wachache ili yakubaliwe, kama Ford Falcon GTHO ya 1971, lakini tabia hiyo ilistawi katika daraja la juu lisilokuwa na kikomo cha bei, na dawa yake ilikuwa kuweka kikomo. Waandaaji wa huko nao waliitupa bei na kuchukua cc mwaka 1973, wakirudia kosa la Safari.

Uingereza ilichukua njia nyingine, nayo inafundisha zaidi. Ubingwa wake wa magari ya saluni, ulioanza 1958, ulitumia madaraja ya cc, lakini pointi zilitolewa kwa nafasi ya dereva ndani ya daraja lake na kuhesabiwa kwa usawa katika ubingwa wa jumla, na ndiyo sababu Richard Longman aliweza kuwa bingwa mwaka 1978 na 1979 akiwa na Mini 1275 GT. Mfumo huo ulikuwa na haki ya aina yake. Kisha ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1990 kanuni ya injini ya cc 2,000 kwa wote, iliyosifiwa kwa kuleta usawa, na ndani ya muongo mmoja viwanda vilikuwa vinamwaga fedha katika kila kitu ambacho cc haikigusi, kuanzia gia boksi na springi hadi umbo la chini ya bodi, mpaka mwaka 2000 zikabaki timu za viwanda vitatu tu, Ford, Honda na Vauxhall, na kanuni ikafutwa. Pale ndipo ilipodhihirika kwamba kuwawekea watu kikomo cha injini bila kikomo cha fedha ni kuwaelekeza wakatumie fedha hizo mahali pasipoonekana. Kanuni za NGTC zilizoanza 2011 katika ubingwa huohuo, ambazo zinailazimisha kila timu kununua vifaa vikuu vilevile kwa bei iliyopangwa, ni ungamo la kosa hilo.

Afrika Mashariki haikuhitaji kungoja ungamo hilo, kwa kuwa madereva wake walikwishaonyesha ukweli wenyewe. Joginder Singh alishinda Safari ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544 lililokwishatumika mashindanoni na timu ya kiwanda kabla ya kuwafikia. Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, pamoja na Chris Rothwell, walishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, na Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa gari la aina hiyohiyo mwaka 1963 na 1968, miaka miwili ambayo magari saba tu yalifika mwisho kati ya 84 na 93 yaliyoanza. Hao ndio waliokuwa mabingwa kwa maana kamili, kwa sababu gari walilolishindia lilikuwa gari ambalo mwalimu, mfanyabiashara au daktari wa wilaya aliweza kulinunua, na kila jambo walilolifundisha kuhusu springi na matairi lilikuwa na faida kwa maelfu ya watu. Hannu Mikkola alipokuwa mgeni wa kwanza kushinda, mwaka 1972, sifa ilikuwa yake kwa haki. Lakini mlango ulikwishafunguka, na miaka ya 1980 na 1990 ilileta timu za viwanda zenye helikopta zilizomtangulia dereva angani kumwambia kwa redio kama kuna ng'ombe au lori mbele. Shindano la kusoma barabara liligeuzwa shindano la kukodi macho, na hakuna cc iliyoweza kulizuia. Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, ndiye dereva mkubwa wa mwisho ambaye ushindi wake wa kwanza, wa 1973, uliamuliwa kwa jambo la barabarani tu: yeye na Harry Källström walilingana kwa adhabu, naye akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kanuni hiyo ya sare ilikuwa sahihi.

FIA yenyewe imerudi kwenye bei kwa mlango wa nyuma. Magari ya R5, yaliyoingia mwaka 2013 na ambayo warithi wake wa Rally2 ndio wanaotawala ubingwa wa Afrika, yaliwekewa kikomo cha euro 180,000 kwa gari moja. Wazo la kuweka kikomo ni jema, lakini kiwango hicho kilipangwa kwa mfuko wa Ulaya, na bei iliyotumika kama dari ya juu kabisa haimsaidii anayesimama sakafuni.

Chama cha Magari Tanzania hakina sababu ya kusubiri. Pingamizi la zamani kwamba bei haiwezi kupimwa kwa haki limekwisha, kwa kuwa Mamlaka ya Mapato Tanzania inao mfumo wa kukadiria thamani ya kila gari lililotumika linaloingia nchini, kwa aina, modeli na mwaka wa kutengenezwa, na serikali inatoza kodi kwa thamani hiyo bila kuona kwamba ni kipimo cha kubahatisha. Raundi za taifa zinazokimbiwa Morogoro zingeweza kuyapanga magari kwa thamani hiyo katika madaraja matatu, daraja la juu likiwekewa kikomo, gharama ya marekebisho ikijumlishwa kwa risiti za gereji, na pointi za ubingwa zikitolewa kwa usawa katika madaraja yote kama Waingereza walivyofanya enzi za Longman. Subaru kuukuu ya Mzumbe ingepangwa na magari ya thamani yake, na gari la Rally2 lingekimbia na wenzake.