Wafipa wa kitabuni na Wafipa wa Izia

Ukiambiwa uandike kazi ya anthropolojia kuhusu Wafipa, mapema tu utaelekezwa kwa Roy Willis. Kitabu chake cha rejea cha 1966 kinawakusanya Wafipa na majirani zao wa Tanzania na Zambia, wakiwemo Wamambwe na Wapimbwe. Kwa kuanzia ni kizuri: unatafuta ukoo, kilimo au utawala, unakwenda kwenye sehemu yake, unapata.

Shida inaanzia hapo hapo. Mambo yakipangwa kwa mada, wakati unapotea. Willis alifanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ukiandika leo kwamba Wafipa hulima ulezi kwenye matuta ya nyasi zilizofukiwa, bila kutaja mwaka, umemgandisha mkulima. Hebu toka Izia uelekee vijijini: utakuta mahindi na plau ya ng'ombe. Huyo mkulima kwenye kazi yako hayupo.

Willis mwenyewe alirudi kwenye historia. A State in the Making (1981) kinafuatilia dola za Nkansi na Lyangalile kabla ya ukoloni. Naye Kathleen Smythe, katika Fipa Families (2006), anazitazama familia za Nkansi na misheni ya Kikatoliki kati ya 1880 na 1960. Humo watu wanabadilika.

Basi kitabu cha 1966 kifanye mlango, usihamie humo. Kila ukikinukuu, taja mwaka. Kisha nenda kaulize wazee: siku hizi mnafanyaje?