Bibi Arusi wa Luanda Magere

Masimulizi ya Waluo juu ya Luanda Magere, shujaa wa nchi tambarare ya Kano karibu na Kisumu, aghalabu hufasiriwa kuwa onyo dhidi ya mke mgeni. Fasiri hiyo ni finyu. Mikuki haikupenya mwili wa Magere; Wanandi, waliokwisha kushindwa mara nyingi, wakamwoza binti yao. Mume alipougua alimwagiza mkewe achanje kivuli chake badala ya mwili. Kivuli kikatoka damu. Mke akatoroka usiku, akapeleka habari kwao, na katika vita vilivyofuata kivuli kikachomwa mkuki. Shujaa akageuka jiwe.

Livy, mwanahistoria wa Roma, naye husimulia kwamba jeshi la Hannibal, lililowaangamiza Warumi huko Cannae mwaka 216 K.K., lililegezwa na anasa za Capua katika majira ya baridi. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani Hannibal aliendelea kupigana Italia hadi 203 K.K. Zaidi ya hayo, ni hoja ya mshindi anayemshusha adui. Msimulizi wa Kano, ambaye upande wake ndio ulioshindwa, hukiri waziwazi kwamba Wanandi walipanga na kwamba binti yao alifaulu pale wapiganaji wao waliposhindwa. Siri yenyewe aliitoa Magere kwa kinywa chake, jambo ambalo wanaomlaani mke hulipita kimya.

Jiwe lake liko huko Kano. Wawindaji walikuwa wakinolea mikuki yao juu yake.