Kazi Mpya ya Mkono wa Kushoto

Boda boda ilianzia Busia miaka ya 1960, kwa baiskeli. Kati ya lango la Kenya na la Uganda palikuwa na zaidi ya nusu maili, na msafiri mwenye mizigo hakuwa tayari kuitembea. Vijana wakampakia nyuma. Muda si mrefu Malaba, mji mwingine wa mpaka huo, nayo ikaiga. Pikipiki zilifurika baadaye, hasa baada ya Kenya kuziondolea VAT zile za chini ya cc 250 mwaka 2008.

Kwa hiyo anayejifunza leo hana mengi ya kuchagua. Stejini ni Bajaj Boxer na TVS, cc 100 hadi 150, silinda moja, injini ya kupozwa na upepo. Skuta ni nadra. Yamaha AG100, zile ndefu za vumbi, utaziona na maafisa wa kilimo na afya.

Shida kubwa ya mwanafunzi, naona, imetoka kwenye baiskeli yenyewe. Katika baiskeli ya Black Mamba, mkono wa kulia hushika breki ya mbele na wa kushoto ya nyuma. Kwenye pikipiki, wa kulia umebaki na breki yake ya mbele na kuongezewa mafuta. Wa kushoto umepewa klachi, na breki ya nyuma imehamia mguu wa kulia. Sasa mbuzi akiruka barabarani, kijana aliyekulia kwenye baiskeli hubana kushoto kwa mazoea. Injini inaachana na gurudumu, ule uzito wake uliokuwa ukipunguza mwendo unatoweka, na pikipiki inateleza huru. Kama ni mteremko, inazidi kasi. Akishtuka na kuiachia klachi ghafla mafuta yakiwa wazi, inaruka mbele.

Walimu wengi wa mtaani huanza na gia. Ningeanza na mkono huo. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, injini imezimwa, mwanafunzi apande. Ukisema “simama”, vidole vya kulia na mguu wa kulia vifanye kazi pamoja, kushoto kufuate mwishoni kabisa. Arudie hadi aache kufikiri.

Kisha uwanjani, gia ya kwanza, mafuta kidogo sana. Aachie klachi polepole hadi asikie pikipiki inataka kuvuta, aishikilie hapo hapo, aibane tena. Pale inapoanza kushika ndipo penye kazi yote ya Malaba: kupenya kando ya foleni ya malori kwa mwendo wa mtu anayetembea, klachi nusu, breki ya nyuma imeguswa kidogo, mafuta hayapandi wala hayashuki. Anayejua kufungua mafuta tu ataangukia tairi la trela.

Gia zenyewe si ngumu, ila hazifanani. Kwenye pikipiki nyingine, gia zote hukanyagwa upande mmoja. Kwenye nyingine, ya kwanza ni chini na zilizobaki juu. Ukiazimwa, muulize mwenyewe kabla ya kuwasha, na hakikisha taa ya kijani ya nyutro inawaka.

Abiria aje mwisho, mmoja, kama sheria inavyotaka. Uzito wake hukaa nyuma: breki ya mguu hushika zaidi, usukani huwa mwepesi, na kuondoka kunahitaji mafuta zaidi kabla klachi haijaachiwa.