Ukumbusho ukutani: juu ya sanamu za mji wa Lubumbashi

Mtu akitaka kujua ufundi wa mji, kwa kawaida hupelekwa kwenye nyumba ya makumbusho. Sisi twapenda kushika njia nyingine. Mjini Lubumbashi, sanamu zenye nguvu kuliko zote hazikuchorwa kwa ajili ya nyumba kubwa za Leta. Zilichorwa kwa ajili ya chumba cha wageni, kule Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, zipate kutundikwa juu ya viti, mahali mgeni anapoketi na kuinua macho. Wenyeji wenyewe walizipa jina: ukumbusho. Neno hilo lina maana gani? Tena, laweza kusemwa bado juu ya kazi za wachoraji wa siku hizi? Tutafuata mafungu matatu.

I. Wachoraji wa «Hangar»

Mwaka 1946, mji ulipokuwa ungali unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la «Hangar». Kanuni yake ilikuwa moja: wanafunzi wasiige Wazungu, bali kila mmoja achote katika akili yake mwenyewe na katika urithi wa mababu. Matunda yake twayajua. Pili Pili Mulongoy alichora ndege, samaki na mamba, akajaza nafasi yote kwa alama ndogo ndogo. Mwenze Kibwanga alitumia mistari mifupi inayopishana, kama mtu asukaye mkeka. Bela aliacha brosi, akachora kwa ncha za vidole. Mwalimu wao alikufa mwaka 1954, lakini sifa zao zilikwisha kufika Ulaya.

Kazi hiyo ni nzuri, wala hatutaki kuidharau. Lakini tutazame pia kile kisichokuwamo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Uliota pamoja na bomba kubwa la moshi, njia ya reli, kambi za wafanyakazi na mshahara wa mwezi. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na wengi wao wakapigwa risasi kwenye kiwanja cha mpira. Katika sanamu za «Hangar» mambo hayo hayaonekani. Twaona mto, majani na nyama wa porini. Mwalimu aliyekataza kuiga Ulaya alikuwa na mawazo yake mwenyewe juu ya Afrika, na Afrika ile haikuwa na mji. Basi sanamu zile zapendeza macho, lakini mwana wa kambi hajioni ndani yake.

II. Sanamu za chumbani

Baada ya uhuru, zaidi sana katika miaka ya 1960 na 1970, walitokea wachoraji wa namna nyingine. Wengi hawakupita masomo yoyote ya kuchora. Walitwaa gunia la unga, wakalivuta juu ya mbao nne, wakalipaka rangi, kisha wakatembeza kazi yao mlango kwa mlango. Wanunuzi wao walikuwa watu wa mji wenye mshahara mdogo. Kwa hiyo mchoraji alilazimika kujua ni jambo gani watu hao wataka kulikumbuka.

Sanamu mbili zilienea kuliko nyingine. Ya kwanza ni Mamba Muntu, mwanamke aliye nusu samaki, atoaye mali kwa mtu awezaye kutunza siri yake, kisha humdai. Ya pili yaitwa «Colonie Belge»: mfungwa amelala kifudifudi, askari mweusi ampiga fimbo, bwana Mzungu atazama, wanawake walia kando, na juu yao bendera yapepea.

Mtu ataweza kuuliza: nani apendaye kuona fimbo kila siku anapokula bukari? Jibu letu ni hili. Chini ya utawala wa Mobutu haikuwa rahisi kusema waziwazi juu ya mateso ya leo, lakini juu ya mateso ya Wabelgiji kila mtu aliruhusiwa kusema. Sanamu ilisema «jana», na mwenye nyumba alisikia pia «leo». Hapo twafahamu maana ya neno ukumbusho: ni kuipima siku ya leo kwa kipimo cha jana. Tena sanamu haikufanya kazi hiyo peke yake. Ilimfanya mgeni aulize, na mzee wa nyumba ajibu. Pasipo masimulizi hayo, ukumbusho ulikuwa nusu tu.

Aliyefahamu jambo hilo kuliko wote ni Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Mnamo 1973 na 1974 alichora historia nzima ya inchi kwa sanamu zaidi ya mia moja, akamsimulia kila moja mwalimu Johannes Fabian kwa Kiswahili cha mji. Hata mgomo wa 1941 umo. Humo mna pia kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961. Nyuma ya maiti zao zasimama misalaba mitatu.

Juu ya sanamu hiyo yatupasa kusema wazi, sisi tulio wanafunzi wa seminari. Wengine wataona ni kufuru. Sisi hatuoni dharau ndani yake: mchoraji alitafuta umbo ambalo kila mtu wa Katuba alilijua tangu katekisimu, ili aseme kwamba mtu asiye na hatia ameuawa. Lakini mfano wenyewe wachechemea. Kalvario ina wanyang'anyi wawili. Mpolo na Okito hawakuwa wanyang'anyi, bali walikufa kwa sababu ileile. Misalaba miwili ya kando yapoteza maana yake, na hao wawili wanakuwa kivuli cha mkubwa wao. Huo ndio upungufu wa sanamu hiyo: kwa kumkumbuka mmoja mno, yasahau wengine.

III. Siku hizi

Tangu mwanzo wa miaka ya 1980, Tshibumba hakuonekana tena. Mishahara ilianguka, na wanunuzi wakapungua pamoja nayo. Historia yake yatunzwa Amsterdam, katika inchi ya Uholanzi. Imetunzwa vizuri, wala hatuwalaumu walioiokoa. Lakini kule haina tena mzee wa kuisimulia mbele ya wajukuu.

Mjini, kazi imeshikwa na wengine. Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, katika mfululizo uitwao «Mémoire», aliwaweka watu wa picha za zamani za ukoloni mbele ya mitambo ya Gécamines iliyochakaa. Yeye na wenzake walianzisha chama cha Picha, na mwaka 2008 wakaita mkutano wa kwanza uliozaa Bienale ya Lubumbashi. Kwa maoni yetu Baloji ni mrithi wa kweli wa ukumbusho, kwa kuwa naye huweka jana na leo katika sanamu moja. Neno letu kwake ni moja: wageni wa ngambo huzitazama kazi hizo na kusoma maelezo kwa Kifaransa au Kiingereza, mama wa Kenya aulize kwa lugha gani? Bienale itakuwa ya mji siku sanamu zake zitakapofika kwenye vyumba vya wageni, hata kama ni nakala za bei ndogo tu, na kuamsha maneno.

Nasi tunayo sehemu yetu. Ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwenu imebaki sanamu moja ya zamani, usiiuze upesi kwa mchuuzi. Kaa kwanza na mzee aliyeinunua, umwulize kwa nini aliichagua ile na si nyingine, ukaandike jibu lake kama alivyolitamka.