Sifa za Mpishi Asiyewasha Oveni

Chakula kisichopita motoni hupewa heshima ndogo. Mpishi akisema hakuoka, wanaomsikia huchukulia kwamba hakuchoka. Mimi natetea upande wa pili, na shahidi wangu ni kitamutamu cha Polandi kiitwacho sernik na zimno: keki ya jibini isiyookwa, iliyopangwa matunda mabichi juu na kufunikwa kwa jeli. Keki hii hudai mkono uliokomaa kuliko ile ya oveni, kwa kuwa humnyima mpishi msaada ambao wapishi wote huuegemea, yaani moto wa kuficha makosa.

Wapolandi wanayo pia keki ya jibini ya kuokwa, na hiyo ndiyo ya Pasaka na Krismasi. Juni ikifika, mambo hugeuka. Stroberi hujaa sokoni, zikiuzwa katika vikapu vya mbao nyembamba vinavyoitwa łubianka, kimoja kikibeba kama kilo mbili. Za eneo la Kaszuby, kaskazini mwa nchi, zina sifa kiasi kwamba jina lao limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2009. Julai huleta rasiberi na bluberi za mwituni, zile zinazoacha vidole na ulimi vikiwa vya zambarau. Ni msimu pia wa imieniny, sikukuu ya jina la mtu: kina Jan tarehe 24 Juni, kina Piotr na Paweł tarehe 29, kina Anna tarehe 26 Julai. Wageni huja, jua ni kali, na familia nyingi za mjini zinashinda kwenye działka, kibustani chenye kibanda kidogo ambamo oveni ni nadra. Tunda lililochumwa asubuhi halingoji wiki ijayo. Keki ya baridi imezaliwa na hali hiyo.

Kazi huanzia kwenye jibini. Twaróg hutengenezwa kwa maziwa yaliyoachwa yagande, yakapashwa moto wa taratibu, kisha yakachujwa kwenye kitambaa hadi ibaki jibini nyeupe, yenye uchachu mdogo na chembechembe. Katika oveni, mayai na joto huzishika chembe hizo, na uso ukishakuwa wa kahawia hakuna anayeuliza habari za ndani. Katika keki ya baridi, chembe iliyobaki bakulini ndiyo itakayokutwa na ulimi. Kwa hiyo jibini hupitishwa kwenye mashine ya kusagia nyama mara mbili, na wenye roho ya ufundi huongeza ya tatu, kabla ya kuchanganywa na sukari ya unga, vanila na krimu iliyopigwa. Siku hizi dukani ipo iliyokwisha kusagwa, ndani ya ndoo ndogo, ila nyingine ina maji mengi, na maji hayo hudai jelatini zaidi.

Jelatini ndiyo mtihani wenyewe. Ni protini itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe, hivyo mpishi Mwislamu atatafuta ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali. Hulowekwa kwanza katika maji baridi ivimbe, ndipo iyeyushwe kwa joto lisilofika kuchemka, maana kuichemsha huipunguzia nguvu. Inapopoa, nyuzi zake hujisokota pamoja na kuwa wavu unaonasa maji. Ukiimimina ya moto ndani ya jibini iliyotoka kwenye friji, hushtuka na kuganda papo hapo, ikaacha vijiuzi vya mpira ndani ya keki. Mjuzi huchota vijiko viwili vitatu vya jibini, huvikoroga ndani ya jelatini mpaka joto lilingane, ndipo huurudisha mchanganyiko huo bakulini.

Mchanganyiko humwagwa juu ya biskuti zilizopangwa chini ya chombo cha duara chenye ukingo wa kufunguka, ukaachwa kwenye friji ushike. Matunda hupangwa yakiwa makavu kabisa, kwa kuwa tone la maji ya kuoshea hulegeza jeli pale lilipo. Pakiti ya jeli huelekeza nusu lita ya maji, lakini wenye uzoefu hutia pungufu ili kisu kikipita ibaki imesimama. Halafu huingoja. Jeli ya moto itayeyusha jibini na mstari kati ya nyeupe na nyekundu utapotea, na iliyoganda mno itaanguka kwa mabonge. Inayotakiwa ni ile iliyoanza kuwa nzito, inayoteleza kijikoni kama ute wa yai. Hali hiyo hudumu dakika chache, wala saa ya ukutani haiwezi kuitaja, kwani hutegemea joto la jiko na unene wa bakuli. Kwanza humwagwa tabaka jembamba la kuyashika matunda yasielee, na likishashika ndipo humaliziwa iliyobaki.

Msomaji wa pwani yetu atashawishika kubadilisha stroberi kwa nanasi au papai. Yakiwa mabichi, keki haitaganda hata ikilala kwenye friji siku mbili. Matunda hayo yana vimeng'enya vinavyokatakata protini, ndiyo maana papai hulainisha nyama ngumu, na jelatini ni protini vilevile. Kiwi nayo ina tabia hiyo. Nanasi la kopo halina neno, kwa kuwa joto la kiwandani limekwisha kuviua vimeng'enya. Faluda yetu hushikwa na agari ya mwani, ambayo si protini na huhitaji joto la kama nyuzi 85 ili iyeyuke, kwa hiyo hukaa mezani Mombasa bila wasiwasi. Jelatini huyeyuka karibu na joto la mwili. Hapo ndipo utamu wake ulipo, maana huisha yenyewe mdomoni, na ndiyo sababu keki ya Kipolandi hutolewa kwenye friji wageni wakiwa wameshakaa.

Ukiipima kazi hii kwa jasho, ni ndogo. Ukiipima kwa maamuzi, ni nzito: kusaga tena au kutosaga, kumwaga sasa au kungoja kidogo, kukubali tunda hili na kulikataa lile. Kila uamuzi huonekana keki inapokatwa, maana matabaka hayana ganda la kuyafunika. Ndiyo maana nampa heshima mpishi wa keki hii. Haina siri ya kurithishwa kwa kunong'onezana. Ina masharti, yanajulikana na kila mtu, na mwenye kuyatimiza yote kwa mpigo ni fundi, awe amewasha oveni au hakuiwasha.