Fundi wa Pedi

Pedi ya PlayStation 3 imefika Bukoba kwa Costa ya asubuhi kutoka Muleba, imeviringishwa gazeti. Kijana aliyeileta anaeleza ugonjwa kwa neno moja: "Inajichezea, fundi."

Fundi hagusi bisibisi. Anaichomeka kwenye mashine, anailaza mezani, anatazama gemu ya mpira kwenye skrini. Mchezaji anapiga pasi, kisha shuti, na hakuna kidole kilichomwagiza. "Sponji," anasema.

Skrubu 5 zinatoka, zinaingia kwenye kizibo cha soda. Mfuniko anaunyanyua polepole, kwani springi za L2 na R2 huruka na kupotea. Anachomoa betri, anatoa bodi. Chini yake kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye mistari ya saketi. Utepe huo haukuchomelewa kwenye bodi. Unashikana nayo kwa kusukumwa na kipande cha sponji tu. Sponji ikishalala kwa miaka ya kukamuliwa, mguso unalegea na vitufe vinaanza kujibonyeza.

Anafuta migusano kwa pamba yenye spiriti, anasubiri ikauke. Kisha anakata sponji mpya, akipima kwa ukucha. Ya kwanza ni nene, bodi inainuka upande mmoja. Hailazimishi. Anakata nyingine, anaibonyeza kwa kidole gumba, anaitazama kwa ubavu, anapunguza tena unywele mmoja.

Wengi husema gemu za mpira zimeteka vijana kwa sababu ya sura za Messi na Ronaldo. Gemu ya FIFA ilianza 1993, na Konami nao walikuja na Pro Evolution Soccer; timu kubwa za Ulaya zimejaa humo, ingawa Kagera Sugar ya hapa Kaitaba hutaikuta. Mimi naamini siri iko kidoleni. Unabonyeza, mpira unaondoka papo hapo, na aliyekaa bega kwa bega nawe anaumia. Anayefungwa anampisha mwenzake. Pedi ikichelewa kidogo tu, ubishi unageuka ugomvi na wateja wanahamia kibanda kingine cha gemu.

Skrubu zinarudi, ya mwisho inakazwa kwa vidole viwili tu. Pedi inalazwa tena mezani. Mchezaji amesimama tuli.

Sony iliacha kutengeneza PlayStation 3 mwaka 2017. Kwa hiyo wewe mwenye kibanda Muleba au Kashai, pedi ikianza kujichezea usiitupe. Mpelekee fundi, na umlipe vizuri.